Nilivyohangaika kuipiga picha Bariadi ionekane jiji, ili nipewe mke

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili kuamkiwa, na nyie wengine poleni na joto.

Nimesoma ule uzi wa vijana wanaobishana sehemu gani ni nzuri kupiga picha ya Dar yote na maghorofa yake. Mmoja anasema ng'ambo Kigamboni, mwingine anataja paa la hoteli, wa tatu ana drone na dharau juu yake.

Nikasema hawa watoto wanacheza. Mimi nimetafuta skyline Bariadi enzi za Ujamaa, mji ukiwa hauna ghorofa hata moja.

Haya nitakayoandika yalinitokea mwenyewe. Nikifika mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki, sitabuni.

Basi ni hivi.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi studio ya picha ya Bwana Sudi pale Bariadi. Wakati huo tuko mkoa wa Shinyanga bado. Bwana Sudi alikuwa mtu wa Ujiji, Mwislamu safi, mcheshi, ana kamera moja anayoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nilikuwa nasafisha picha, napiga picha, nafagia, yote mimi.

Pale mjini nikajuana na binti mmoja anaitwa Limi. Kwao Shishiyu, lakini alikuja kukaa kwa shangazi yake ajifunze cherehani. Tukapendana. Cherehani ilipoisha akarudi kwao, na mimi nikabaki nafagia bila moyo.

Nikapanda baiskeli mpaka Shishiyu kumuuliza kama niwatume wazee wangu kwa baba yake.

Limi akanipokea nje ya boma na uso mkavu kabisa.

"Kuna karani wa pamba wa Ipililo ameshaleta watu," akasema. "Ana baiskeli mpya."

"Na baba anasemaje?"

"Baba anasema hawezi kumtoa mtoto wake aende mahali asipopajua. Anataka kwanza auone huo mji wako kwenye picha. Mji wote, picha moja."

Wakuu, hapo ndipo shida ilipoanza. Mji wote kuuingiza kwenye picha moja haikuwa tabu, maana ulikuwa mdogo. Tabu ilikuwa kuufanya uonekane ni mji.

Tulikuwa na mstari wa maduka ya bati, msikiti, kanisa, ofisi ya chama, na jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Basi. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa bomba la moshi la jineri.

Nikamweleza Bwana Sudi. Akafikiri huku anafuta lenzi na kanzu.

"Kijana wangu," akasema, "Bariadi ukiipiga kwa mbele ni kijiji. Ukiipiga kwa nyuma ni shamba. Hii lazima uipige kwa juu."

Filamu miaka ile zilikuwa adimu, kama sukari na sabuni. Alikuwa na moja tu, imeshatumika nusu. Akaniachia iliyobaki, kwa masharti kwamba nikishindwa nisimwambie amepoteza filamu, nimwambie imeungua.

Sasa huko juu napapata wapi?

Ilikuwa msimu wa kuuza pamba. Nje ya soko limesimama lori limejazwa pamba mpaka inamwagika. Nikaona hiyo ndiyo location. Kutoka pale juu unaona maduka yote kwa mstari, na msikiti kwa mbali.

Nikapanda. Sikuwa nimewahi kusimama juu ya pamba, na nyie msijaribu. Nilizama mpaka kwapani. Nimebaki kichwa na mikono miwili iliyoshika kamera juu, miguu inatafuta pa kukanyaga haipati.

Dereva akarudi akawasha gari.

Nikapiga kelele, lakini lile lori lilikuwa na kelele zake. Tukapita katikati ya mji, mimi kichwa kinachungulia kwenye pamba. Watu waliokuwa wananifahamu wakanipungia mkono. Mama mmoja akanisalimia kabisa, "Mwadila," na mimi nikaitika, maana adabu ni adabu.

Lori likaingia jineri. Vibarua walionichimbua walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikiwa najikung'uta, nikaona tangi la maji la kiwanda. Refu, juu ya miguu ya chuma, lina ngazi. Nikasema kumbe Mungu ndiye aliyenipakia kwenye lile lori.

Nikapanda. Wakuu, view ilikuwa ya kwanza. Mabati yote yanang'aa chini yangu. Nikaweka kamera jichoni.

"Wewe. Shuka."

Mgambo, na kirungu. Kupanda kwenye tangi la kiwanda cha umma na kamera, enzi zile za kutahadharishwa juu ya mabeberu kila siku, nilikuwa sijalifikiria hilo hata kidogo.

"Unampigia nani picha za kiwanda?" akauliza nilipofika chini.

"Baba mkwe."

"Baba mkwe wako yuko nchi gani?"

"Shishiyu."

Akashusha kirungu. "Shishiyu hii ya Maswa?"

"Hiyo hiyo."

"Na Shishiyu wanataka nini na kiwanda chetu?"

Nikapelekwa ofisi ya chama nikiwa bado na pamba kichwani. Katibu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye karani wa Ipililo na baiskeli mpya, akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani na yeye aliwahi kupitia.

Akasema niende, ila kwa kuwa kamera ipo, basi nimpige picha moja mbele ya bendera. Mgambo akasema na yeye apigwe. Kisha mgambo akaenda kuwaita wenzake, na katibu akamwita mkewe. Kila mtu alitaka ya pamoja na ya peke yake.

Nilipotoka pale, filamu ilikuwa imebaki picha moja.

Bwana Sudi akaniambia sehemu ya mwisho anayoijua ni lile jiwe kubwa nje ya mji, upande wa njia ya Lamadi. Nikaenda jioni jua likiwa limelala vizuri. Nikapanda. Huko hakukuwa na pamba wala mgambo, na mji mzima uko mbele yangu, bomba la jineri limesimama katikati, mnara wa msikiti pembeni.

Tatizo, kundi la ng'ombe lilikuwa linarudi kutoka malishoni, linapita chini ya jiwe. Nikasubiri lipite. Vumbi likapanda likafunika zile nyumba za chini. Yakabaki mabati tu yanaelea juu ya vumbi, mengi, huwezi kujua yanaishia wapi. Kwa mara ya kwanza Bariadi ikafanana na jiji.

Nikabonyeza.

Wakati nabonyeza, ng'ombe mmoja akapanda kwenye mteremko wa jiwe mbele yangu na kunitazama.

Bwana Sudi alipoisafisha tukasimama tunaiangalia inaning'inia. Mji ulitoka mzuri. Lakini katikati kuna ng'ombe mwenye mabaka, pembe moja imepanda juu sawa na bomba la moshi, nyingine imeinama mpaka shavuni. Anatazama kamera kwa umakini kuliko wateja wetu wengi.

Tukajaribu kumkata. Ukimkata, nusu ya mji inaondoka naye.

Nikaipeleka hivyo hivyo.

Baba yake Limi, Mzee Nkwabi, alinipokea vizuri. Nikampa picha kwa mikono miwili. Akaisogeza juani. Akaitazama muda mrefu sana, mimi jasho linatoka, Limi amesimama nyuma ya baba yake.

"Huyu ni Ndololi," akasema.

"Baba?"

"Huyu ng'ombe. Ni Ndololi wangu. Alipotea kipindi cha ukame tulipopeleka mifugo kunywa ziwani. Hii pembe naijua, na hilo sikio nililikata mimi." Akainua uso. "Umempata wapi?"

"Bariadi, baba. Na hayo nyuma yake ndiyo..."

"Bariadi wapi? Twende."

Kesho yake alfajiri tukaondoka, mzee, Limi na mimi. Tukapitia studio. Bwana Sudi alisikiliza mkasa, akaenda ndani akarudi na filamu mpya niliyokuwa sijui kama ipo. Akasema mtu akipata ng'ombe aliyepotea lazima atataka picha naye.

Tukakaa juu ya lile jiwe mpaka jioni kundi likaja. Mzee akaita jina mara moja, si kwa sauti kubwa. Ndololi akatoka kwenye kundi akapanda mteremko mpaka kwake, akamlamba mkono. Mzee akatazama pembeni kidogo. Mimi na Limi tukajifanya hatujaona.

Mchungaji wao, mtu mzima na heshima zake, akaja akamwangalia ng'ombe, akamwangalia mzee.

"Sikatai," akasema. "Lakini huyu hatukumchukua. Alijiunga mwenyewe na kundi, kwa hiari yake."

Mzee Nkwabi, ambaye mwaka uliotangulia alihamishiwa kijiji cha Ujamaa, eti kwa hiari, na nyumba yake ikavunjwa, akasema, "Basi ni yeye peke yake."

Wakacheka wote wawili, ugomvi ukaishia hapo.

Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikamwonyesha mzee kwa mkono. "Baba, sasa mji si unauona. Unauonaje?"

Akanishangaa. "Mji huu? Nimeanza kuleta pamba hapa hujazaliwa. Naujua wote."

"Lakini ulisema unataka kuuona kwenye picha."

"Nani amesema?"

Nikageuka. Limi alikuwa anatazama mbuzi wa watu kwa makini sana.

Mzee alipomshusha ng'ombe chini kumkagua, nikamuuliza Limi. Akasema taratibu, bila hata aibu:

"Umempiga picha kila mtu Bariadi. Umempiga shangazi yangu. Umempiga kuku wa shangazi yangu. Mimi tumejuana msimu mzima hujawahi kuniambia simama hapo. Nikasema kama ni picha anazopenda, basi ahangaike nazo."

"Na karani?"

"Karani alikuja kweli. Nilimkataa siku hiyo hiyo."

Wakuu, nilikuwa simpigi picha kwa sababu nikimtazama mikono inatetemeka na filamu ni ya Bwana Sudi. Nikamwambia hivyo. Hapo ndipo uso wake ulipolainika.

Nikamwambia, "Simama hapo, mji uwe nyuma yako."

Akasema, "Mji umeshaupiga. Geuza."

Nikageuza. Mzee aliposikia kuna picha akapanda na ng'ombe wake, akamweka katikati, na alikataa kusogea. Ndiyo picha iliyopo sebuleni kwetu mpaka leo. Limi kushoto, mzee kulia, Ndololi katikati, nyuma yao pori tupu. Wageni huwa wanauliza ni wapi.

Nilichojifunza, na hili nawaambia nyie wa drone: kabla hujatafuta sehemu ya kupigia picha, jua kwanza anayeitaka anataka kuona nini. Mwenzenu nilipanda pamba, tangi na jiwe, kumbe mtu mwenyewe alikuwa anasubiri aambiwe asimame.

Karibuni. Mliopo Bariadi sasa hivi niambieni, kwa haya maghorofa yaliyoota, mnaipigia wapi? Lile jiwe nasikia limezungukwa na nyumba.

Matusi hapana, maswali ruksa. Mke wangu ameshatoa maoni yake nikiwa bado naandika, na ni marefu kuliko uzi.