Kidole Changu na Malenge ya Kukhu

Hata leo nikipita karibu na shamba la malenge mikono yangu huingia mfukoni yenyewe, na wanaonijua huanza kucheka kabla sijasema kitu, kwa sababu wanajua aibu niliyojitafutia Mabanga kwa kidole kimoja tu, mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa nguo za Jumapili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati boda boda za Bungoma zilikuwa bado baiskeli zenye kiti cha sponji. Mimi nilikuwa kijana wa Kitale, wa zile familia zilizotoka Murang'a zamani kufuata mashamba, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka tu: mwezi huu nauza miche ya kabeji, mwezi ujao niko Lodwar na gunia la viatu vya mitumba. Nekesa, msichana wa Mabanga niliyetaka kumwoa, hakujali. Aliyejali ni baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye tayari alikuwa amemwambia kwamba hampi binti yake mtu asiyejulikana analala wapi. Kwa hivyo siku niliyoenda kujitambulisha, nikisindikizwa na Mjomba Kariuki, nilijua naenda kufanya mtihani. Na kulikuwa na jambo lingine tulilolijua wawili tu, mimi na Nekesa: alikuwa na mimba ya miezi miwili. Tulikubaliana tusimnong'onezee mtu yeyote, hata ukuta, mpaka mzee akubali.

Mwalimu alitupokea kwa adabu iliyokuwa na baridi kidogo, akasema chakula bado, tutembee tuone boma. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Tulikuta ndama amefungwa kwenye mgomba, nami nikakumbuka vikembe. (Kama ulisoma shule ya msingi huku kwetu unajua: mwalimu anataja mnyama, wewe unataja mtoto wake na kumwonyesha kwa kidole kwenye picha ukutani, na neno bila kidole halikupata alama. Mimi nilivijua vyote. Hata hatua za nazi nilizijua, kidaka, kitale, dafu, ingawa darasa zima hakuna aliyewahi kuona mnazi, na tulicheka mpaka machozi kusikia kwamba mji wetu ni nazi changa.) Basi nikanyoosha kidole, nikasema, "Ndama."

Mwalimu alisimama, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu alichopoteza miaka mingi. Akaniuliza mtoto wa mbwa, nikamwonyesha kilebu aliyelala chini ya ghala. Akauliza wa mbuzi, nikasema kimeme. Wa nguruwe, kivinimbi. Wa chura, kiluwiluwi, na kidole kikaelekea mtaroni kwenyewe. Wake za kaka zake Nekesa walitoka jikoni na unga mikononi kuja kusikiliza, mashangazi wakapiga makofi, na mimi (bure kabisa) nikaanza kutembea kifua mbele.

Nyuma ya jiko kulikuwa na malenge yaliyotambaa mpaka kwenye ua, yenye matunda ya saizi ya yai la bata. Nikayaonyesha kidole, nikasema kwa sauti, "Malenge machanga." Makofi yakakatika. Nyanya yake Nekesa, waliyemwita Kukhu, alikuwa ameketi hapo kwenye gunia akipukuchua maharagwe.

"Kunja mkono, mwanangu," akasema. "Kitu kikiwa bado hivyo unakionyesha kwa ngumi. Ukitumia kidole kinaoza."

Sina kisingizio, kwa maana hata nyanya yangu alitufundisha hivyo hivyo. Nikakunja ngumi, nikaomba msamaha, watu wakacheka, ikapita.

Tulipoketi kula, Mwalimu alikuwa mtu mwingine. Alichukua firigisi ya kuku, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kuliwa na mtu mwingine ila yeye, akaiweka kwenye sahani yangu. Mezani kila mtu aliona. Mjomba Kariuki akanikanyaga mguu kwa furaha. Nilikuwa nimepita, bana.

"La mwisho," Mwalimu akasema akitabasamu. "Na binadamu, kabla hajazaliwa?"

"Kijusi," nikajibu kwa sauti ya darasani, na kidole, ambacho kilikuwa kazini tangu asubuhi, kikainuka chenyewe, kikapita juu ya bakuli la mchuzi, kikasimama mbele ya tumbo la Nekesa aliyekuwa akipakua mboga.

Ningekishusha haraka, labda ingeonekana ni mzaha. Lakini nilimkumbuka Kukhu na maneno yake, nikaogopa, nikakunja ngumi. Pale pale. Bila kuisogeza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nekesa aliweka kijiko chini polepole. Mama yake akajishika shavu. Mwalimu aliinama, akachukua firigisi kutoka sahani yangu, akairudisha kwake.

"Si ulisema umekuja kujitambulisha?"

"Ndio, Mwalimu."

"Naona mwenzako ametangulia."

Nilitamani sakafu ipasuke. Ni Kukhu aliyecheka kwanza, kule pembeni, kicheko chembamba kisichoisha. "Si amekunja mkono?" akasema. "Huyo anafundishika. Mwache akae."

Mwalimu hakucheka. Aliitafuna ile firigisi muda mrefu, halafu akatoa hukumu: sitaenda Lodwar wala kwingine, nitakaa Kitale kwenye nyumba moja yenye mlango anaoujua, mpaka mtoto azaliwe, na atakuja kuukagua huo mlango mwenyewe. Alikuja, mara tatu. Sijawahi kutulia mahali kama nilivyotulia mwaka ule, na nikikumbuka sasa, baada ya barabara zote nilizopita, ndio mwaka ninaoutamani. Msichana wetu alizaliwa mzima. Kukhu alitutumia lenge kubwa la kubebwa kwa mikono miwili, na ujumbe kwamba ni mojawapo ya yale, na halikuoza.

Kukhu amelala kaburini nyuma ya lile jiko siku hizi. Firigisi sijarudishiwa mpaka leo. Juzi tulikuwa huko Mabanga, binti yangu, sasa mke wa mtu, akanivuta kando karibu na malenge akaninong'oneza kitu ambacho bado ni kidogo sana, akasema nisimwambie mtu. Neno lake nalijua, nililipata darasani na alama zake. Sikulitamka. Nilitia mikono yote miwili mfukoni, nikatembea hivyo mpaka jioni.