Alisimamisha mashine mara mbili, ya kwanza wakamcheka

Saa moja kasoro asubuhi, Louisville bado inapiga miayo, na Vestine Mukandoli tayari amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka. Hedifoni kubwa ziko juu ya kitambaa cha kichwa, macho kayafumba. Ukipita haraka unaweza kudhani amesinzia kazini. Thubutu!

Mbele yake santuri nyeusi inazunguka. Nyuma ya ukuta wa kioo, mashine nne zinapanda na kushuka zikifuka mvuke. Kila zikitoka santuri hamsini, moja inaletwa mezani kwake, na yeye anaisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili, bila kuruka hata wimbo mmoja.

Mara anafumbua jicho moja. Anarudisha sindano nyuma, anasikiliza tena.

"Vumbi tu," anasema. Anaifuta, jicho linafumbwa.

Ndiyo, jamani, kuna mtu analipwa kusikiliza muziki! Na mtu huyo ni mama wa watoto wawili kutoka Minembwe, kwenye milima ya Kivu Kusini, ambaye hadi Agosti mwaka huu wa 2015 hakuwahi hata kushika santuri mkononi.

"Watu wa kanisa wananiuliza, 'Vestine, unafanyaka kazi gani?' Nikiwaambia niko nasikiliza muziki masaa nane, wanasema, bon, huyu anatuficha, pengine anaosha vyoo," anasema, na kicheko chake kinavuka kioo hadi kwa waendesha mashine.

Kama ulidhani santuri zilikufa na babu zetu, pole. Zimerudi kwa fujo. Vijana wenye simu za bei mbaya wanazinunua kama karanga, na viwanda vichache vilivyobaki Marekani vinashindwa kukidhi oda. Hiki cha kina Vestine, upande wa kusini wa Louisville, kinafanya kazi siku sita kwa wiki.

Vestine, mwenye miaka 31, alifika hapa 2011 akitokea ukimbizini Burundi. Alianzia kiwanda cha nyama, kwenye vyumba vya baridi, glavu mbili mbili na bado vidole vinakufa ganzi. Alikaa huko miaka minne. Ndipo kampuni ya kutafutia watu vibarua ikamleta hapa kwa dola 11 kwa saa, na masharti: siku tisini za majaribio. Ukiharibu ndani ya siku hizo, unarudishwa kule ulikotoka.

Kwake, kule ni kwenye baridi. Shikilieni hapo, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hizo siku tisini.

Sasa, bendi. Kiangazi cha 2013 Vestine alikwenda Buffalo kumtembelea kaka yake, Gasore, anayeishi Cheektowaga na kufanya kazi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege. Jioni moja Gasore akampeleka kwenye tamasha la bure kando ya maji. Jukwaani walikuwa wanaume watano wa makamo kutoka Columbus, Ohio, wanaojiita Linden Freight. Magitaa matatu, kinanda cha umeme, ngoma za kugonga kifua.

"Gasore alitaka twende kula. Nikamwambia weye enda, miye nabaki," anasema Vestine. "Sikuelewa hata maneno. Lakini ile kelele ilinitoa baridi yote ya kiwanda kwenye mifupa."

Alirudi Louisville na albamu zao tatu. Wenzake wakiimba kwaya jikoni, yeye anapiga Linden Freight. Mumewe akazoea. Binti yake, Kanyana, wa miaka minane, akajifunza nyimbo zote na kumsahihisha mama yake Kiingereza.

Kwa hiyo fikirieni ile Septemba, wiki yake ya nne kazini, anapofungua karatasi ya oda na kukuta jina la Linden Freight! Alipiga kigelegele katikati ya kiwanda. Akavaa hedifoni, akaweka sindano, akafumba macho kusubiri zile ngoma.

Ikatoka fidla.

Fidla, banjo, na ile gitaa ya kulaza kama meza, ambayo mpigaji anaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi na sauti inateleza na kulia. Mwimbaji anaimba taratibu kuhusu lori lililoharibika na mke aliyekwenda kwa mamake.

"Nikasema, ah, hii ni muziki ya mjomba wangu!" anasimulia Vestine. Mjomba huyo, huko Uvira, kila Jumapili mchana alikuwa anaelekeza antena upande wa Bujumbura ili kunasa kipindi cha kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, na watoto walikuwa wanamkimbia. "Kantri ilikuwa ya wazee. Donc, basi, kichwani mwangu, hawa wa kiwanda wamechanganya. Wameweka lebo ya bendi yangu juu ya muziki ya mtu mwingine."

Kosa la namna hiyo hutokea kweli viwandani, na kulikamata ndiyo kazi yake. Akainuka, akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikasimama.

Ilisimama dakika arobaini. Msimamizi wake, Darrell, mzee wa Kimarekani aliyefanya kazi ya santuri zaidi ya miaka thelathini, akapiga simu kwa wenye albamu. Jibu likaja: hakuna kosa. Hao ndio Linden Freight wenyewe, albamu yao ya kwanza kabisa, ya 1996, inachapwa upya.

Kiwanda kizima kilicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Remigius, Mtanzania wa Bukoba, anayeendesha mashine namba mbili.

"Dada Vestine, kila siku unatuimbia mapenzi yako kwa hawa watu," alimwambia. "Leo umeoneshwa picha ya mchumba akiwa kijana, unauliza huyu ni nani!"

Darrell hakucheka. Aliandika onyo, akalitia saini, na kumwambia kwa upole kwamba lingine kama hilo ndani ya siku tisini, yeye hatakuwa na la kufanya.

Mwingine angeichukia bendi hiyo milele. Vestine alimpigia simu wifi yake, Teta, anayeishi Whitehall, pale pale Columbus bendi ilikotoka.

"Wifi, nenda unitafutie mizizi ya hawa watu."

"Yaani nitoke kazini, nikawashe gari, nikatafute muziki wa kulia?" Teta alimjibu. "Na kaka yangu anajua unatumia watu wake hivyo?"

Lakini Jumamosi akaenda. Kwenye duka la CD na santuri za mitumba huko Clintonville alipata CD ya zamani ya albamu hiyo kwa dola nne, kasha limepasuka. Muuzaji, mzee mwenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma, akampa Teta hadithi ya bure: vijana hao walianza kwenye chumba cha chini cha nyumba iliyokuwa mitaa michache kutoka hapo. Walipiga kantri mbadala, ndivyo Wamarekani wanavyoiita, yaani nyimbo za kantri mikononi mwa vijana waliolelewa na roki, bila farasi wala kofia. Kelele ilikuja baadaye, mpiga fidla alipooa na kuhama.

Vestine aliiweka CD kwenye gari na haikutoka wiki tano. Kwenda kazini, kurudi, sokoni, kanisani hadi mlangoni. Na hapa ndipo utamu ulipo: akaanza kutambua mambo. Wimbo wa kelele uliomshika Buffalo, ule wa kufunga onesho, ulikuwa na mama yake humu ndani! Sauti zile zile, zimetembezwa polepole, zikilizwa na gitaa ya kulaza.

"Nilikuwa napenda mtu bila kujua nyumba yao," anasema. "Sasa nimefika nyumbani kwao, nimekaa, nimepewa chai. Na mjomba wangu nimemwomba msamaha kwa simu. Ameniambia, 'Uliona?'"

Wimbo alioupenda kuliko zote ni wa mwisho upande wa pili. Karibu hauna ngoma. Ni mwimbaji na ile gitaa, ikishika sauti moja ndefu mpaka unasahau kupumua. Kanyana alimwambia kwa Kiingereza kwamba hiyo gitaa inalia kama ng'ombe aliyeachwa na wenzake. Kwa mama aliyekulia kwa wafugaji wa ng'ombe, hiyo ni sifa kubwa.

Mapema Novemba, toleo lile likawa limeisha madukani na oda ya pili ikaletwa haraka. Ilikuwa siku ya 83 ya majaribio ya Vestine. Alikuwa amebakiza saba.

Mashine ya Remigius ilikuwa imeshatoa santuri mia sita na kitu. Msikilizaji wa zamu iliyotangulia alikuwa amezipitisha, ila yeye alikuwa na mtindo wa kusikiliza wimbo wa kwanza wa kila upande na kutia tiki. Vestine akasikiliza yote. Akafika wimbo wa mwisho, akafumba macho, na ile sauti ndefu ikaanza.

Ikayumba.

Kidogo sana, kama mtu anayesimama kwenye mguu mmoja. Akarudisha sindano. Ikayumba tena. Akamwita Darrell, akampa hedifoni.

"Ni gitaa ya kulaza," Darrell alisema. "Imetengenezwa ili ilie, Vestine."

"Hailii hivi. Mimi naijua."

"Kama ulivyoijua Septemba?"

Remigius alichungulia kupitia mlango. "Dada, nakuomba, usiniharibie siku. Zinatakiwa kuondoka Jumatatu. Na karatasi yako ina doa tayari."

Vestine anakiri kwamba alizihesabu zile siku saba. Alikiona chumba cha baridi, glavu mbili mbili. Lakini wimbo huo alikuwa ameusikia mara mia kwenye gari lake. Akaenda, akabonyeza kitufe chekundu.

Mashine ikasimama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alichofanya Vestine baada ya hapo, Darrell anakihadithia kwa kila mgeni. Alikata kipande kidogo cha karatasi ya gundi, akakibandika pembeni ya lebo, akaiacha santuri izunguke. Kila mara kipande kilipopita mbele yake, alinyanyua kidole. Na kila mara kidole kiliponyanyuka, sauti ilizama. Akahamia wimbo wa haraka ulioutangulia, palipo na fidla ndefu. Kidole, sauti. Kidole, sauti. Mwendo ule ule.

"Nikamwambia, mkono wa mpiga gitaa unafuata wimbo," anasema Vestine. "Wimbo ukikimbia, unakimbia. Hii haifuati wimbo. Iko inafuata sahani."

Darrell aliinama hadi macho yake yakawa sawa na meza. Mkono wa sindano ulikuwa unakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kidogo mno. Akaleta kipimo. Ukilinganisha na mifereji ya upande wa pili, tundu la katikati lilikuwa limehama kwa karibu nusu milimita, kwenye santuri zote 640. Nyimbo za mwanzo zina ngoma nyingi, zilificha. Wimbo wa mwisho hauna pa kujificha.

Zote zilirudishwa kwenye kinu zikasagwa. Muhuri wa chuma unaochapa upande wa pili ukafungwa upya, na Jumatatu mzigo ukaondoka ukiwa mzima.

Remigius alikuja mezani na soda mbili. "Haya, shemeji wa bendi," alisema. "Kuanzia leo sibishani na masikio yako. Ila ukisikia kosa, anza na mashine namba tatu."

Siku ya 90 Vestine aliitwa ofisini na kuajiriwa moja kwa moja na kiwanda, dola 13 na nusu kwa saa. Lile onyo la Septemba Darrell alilichana mbele yake. Na utaratibu umebadilika: hakuna tena kutia tiki baada ya wimbo mmoja. Kila msikilizaji anasikiliza hadi mwisho, na wawili wapya wanafundishwa na Vestine mwenyewe.

Lakini yeye hajaridhika na kiti hicho, hata kidogo! Ameshajiandikisha masomo ya sauti ya jioni kwenye chuo cha jamii, yanaanza Januari. Anataka chumba cha mwisho wa korido, kile chenye mashine ya kuchonga santuri mama, ile ya kwanza ambayo nyingine zote zinazaliwa kutokana nayo. Anayechonga sasa ni Darrell, na Darrell anastaafu baada ya miaka miwili. Wapo wengine watatu wanaoitaka nafasi hiyo, wote waliozaliwa hapa hapa, mmoja ana shahada ya muziki.

Wiki iliyopita Vestine alipeleka barua yake. Bado hajajibiwa. Alipoulizwa kama haogopi ile shahada, alivua hedifoni, akazining'iniza shingoni.

"Waniletee santuri mia moja, wafiche lebo, na moja tu iwe mbovu," alisema. "Huyo wa shahada akae upande ule, miye nikae huku. Tuone nani atanyanyua kidole."