Uso wa Manju Ulitazama Kwao

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ingawa majina ya majirani siku hizi yananipotea. Ni siku niliyotukanwa kwa wimbo mbele ya watu wote wa Isaka, na kabla jua halijazama nikaapa kwamba siolewi. Nakusimulia kwa sababu nakuona unashinda na hiyo simu, unasikiliza wakubwa wa nchi za mbali wanavyotusema, kisha unanuna kama umetukanwa na jirani. Mjukuu wangu Kabula naye alinuna hivyo hivyo. Vuta kigoda ukae.

Baba yangu alikuwa mtu wa Nkome, huko ziwani, akahamia Isaka kufuata reli. Alikuwa akiuza dagaa. Kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa samaki katikati ya watu wa ng'ombe, na utani haukwisha. Nilipofika umri wa kuolewa akanipenda kijana mmoja wa wafugaji, Masanja, mpole, mwenye meno yaliyopishana mbele. Aliyekuja kuniposa kwa niaba yake ni baba yake mdogo, mzee Jilala. Huyu mzee alikaa kwetu, akala dagaa wa baba, akalamba vidole, akaniita mkwe wangu hata kabla mahari haijasemwa. Nilimpenda sana.

Sasa Jilala alikuwa manju, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Wewe umezaliwa mjini, labda hujui ngoma za kwetu zilivyo. Pamba ikishavunwa, makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi likivuta watu upande wake. Anayejaza watu ndiye mshindi. Manju asiyejaza watu hana chake, hata awe na sauti ya kuwatoa watu machozi. Na katika kuwavuta, kusemana kwenye nyimbo ni jambo la kawaida kama chumvi kwenye mboga.

Siku hiyo nilijipaka mafuta, nikavaa khanga mpya, nikasimama mbele kabisa pamoja na baba ili mkwe wangu mtarajiwa anione. Jilala akatoka mbele ya Bagika wake na mkia wa nyumbu mkononi, ngoma zikanyamaza, akaimba hivi:

*Mwanetu Masanja anaoa ziwani,*
*Ng'ombe wetu wanakwenda kwa mvuvi,*
*Atawatega kwa nyavu, atawaanika juani,*
*Halafu akitaka maziwa, atakamua kambale!*

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata Bagalu, ambao walipaswa kununa, walicheka. Watu wakageuka kumtazama baba. Baba akakunja mwavuli wake, akaondoka bila kumuaga mtu. Nami nikamfuata, nikilia njia nzima, nikisema kwa sauti kwamba ng'ombe wao wabaki zizini kwao na Masanja wao wabaki naye.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa uani anapepeta mtama. Nikamweleza yote. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza:

"Alipokuwa anaimba, uso wake ulitazama wapi?"

"Bibi! Mimi natukanwa, wewe unaniuliza habari za uso?"

"Nimekuuliza, Minza. Ulitazama wapi?"

Nikafikiri. Kweli, Jilala alikuwa ametupa mgongo. Mimi na baba tulikuwa nyuma yake. Macho yake yote yalikuwa kwa wachezaji wake mwenyewe, hasa wale vijana wa upande wa kushoto waliokuwa wakinong'onezana tangu asubuhi.

"Basi," Bibi akasema, "wale wanataka kumhama. Wanawake kisimani wanalizungumza mwezi mzima. Kuna manju kijana ameibuka, anawaambia Jilala amezeeka, amelegea, anagawa ng'ombe wa ukoo kwa wageni wanaonuka shombo. Na aliyekuja kukuposa si yeye Jilala? Sasa ulitaka asimame pale aimbe nini? Aimbe kwamba dagaa wa baba yako ni watamu?"

"Lakini anatujua! Amekula kwetu!"

Hapo ndipo aliponikemea, mwanangu, na kemeo lenyewe bado lina makali. Akaweka ungo chini akasema, "Wewe mtoto unajiona mkubwa sana. Unadhani mzee yule, nyumba yake inaungua, ataacha kuzima moto aje kukuchukia wewe? Hakuwa na nafasi ya kukuchukia. Hakukufikiria hata kidogo."

Nililia upya. Kuchukiwa kuna heshima yake kidogo, maana anayekuchukia angalau anakuona. Mimi sikuwa adui wa Jilala. Nilikuwa wimbo wake tu. Bibi akaona amenikata zaidi ya alivyokusudia, akanivuta, akalaza kichwa changu mapajani pake penye pumba za mtama, akanipapasa mpaka kwikwi ikapungua.

"Sikuambii usiumie," akasema. "Aliyemwagikiwa na maji ya moto haponi kwa kuelezwa kwamba sufuria ilikaa vibaya. Umia. Ila usimtie Masanja kwenye wimbo ambao hakuutunga. Yeye ulimwona amefanya nini?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemkazia macho baba yake mdogo peke yake. Baadaye ndipo nikasikia kwamba wimbo ulipofika kwenye kambale, Masanja alifungua njuga zake miguuni, akaziweka chini mbele ya watu wote, akatoka uwanjani. Kwa kijana wa Bagika hilo si jambo dogo. Walimzomea. Asubuhi yake tulimkuta ameketi nje ya ua wetu, hajaoga, na vumbi la ngoma bado miguuni, anaogopa kubisha hodi. Nilimfungulia mimi mwenyewe. Tukaishi pamoja hadi Mungu alipomchukua, na sijajuta.

Bibi aliniambia na neno la pili, na hili watu huwa wanalisahau. Alisema Jilala atarudi anacheka kama hapana lililotokea. Mpe kiti, mpe maji, muamkie kwa heshima, maana ni mkweo. Lakini usijenge maisha yako juu ya kicheko chake, kwa sababu msimu ujao ngoma ipo tena. Na kweli alirudi. "Mhola, mkwe wangu?" akaniuliza, meno yote nje. "Mhola duhu," nikamjibu kwamba ni salama tu, nikamletea kiti.

Basi nikupeleke kwa Kabula.

Kabula alikuwa akifanya kazi katika mradi hapa Kahama, akiwazungukia wanawake wa Nyahanga na wa kule machimboni, wake wa wachimbaji, kuhakikisha wanameza dawa zao za virusi bila kuruka. Fedha za mradi zilitoka Marekani. Kazi aliipenda kuliko chakula. Kisha huko Marekani uchaguzi ukapita, wakaingia wakubwa wapya, wakasimamisha misaada, na ofisi ya kina Kabula ikafungwa. Akaja nyumbani na mkoba wake na kitambulisho bado shingoni, akaketi mlangoni, njia ya kupita watu.

"Bibi, kumbe miaka yote hii walikuwa wanatudharau," akaniambia. "Tumewakosea nini?"

Aliyekuwa mkuu wake wa kazi alikuwa Mmarekani aitwaye Anna, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa. Kabula alimwita dada. Alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kutoka huko akawa anapiga simu kila jioni. Kabula anaitazama simu inaita, anaipindua kifudifudi.

"Pokea," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Wote ni wale wale."

Wote ni wale wale. Neno hilo lilinichoma, kwa maana nililisema mimi, kwa maneno mengine, nikiwa na khanga mpya na uso uliovimba kwa kulia. Nikamkalisha nikamsimulia habari za Jilala kama ninavyokusimulia wewe.

Nikamwambia, nchi kubwa nazo zina ngoma zao, mjukuu wangu. Yule anayesimama jukwaani kule akisema fedha zetu zisipotee kwa wageni, uso wake unamtazama baba fulani wa kwao ambaye kiwanda kilimfungia kazi, na mama fulani anayelalamikia bei ya mayai, na nyuma yao kuna mwanasiasa mwingine ananong'ona kwamba huyu amelegea. Hao ndio wenye kura. Sisi wa Kahama hatuna kura kule. Kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Wewe unadhani wamekaa kikao wakasema, tumkomoe Kabula wa Nyahanga?

Akacheka kidogo bila kupenda. Nikaona nafasi, nikaendelea.

Nikamwambia asidhani walipokuwa wanatupa ndipo walipokuwa wanatutazama. Mwaka mmoja wa njaa nikiwa bado mama kijana tulikula unga wa mahindi ya njano. Tuliuita unga wa Yanga, kwa rangi yake, na mashabiki wa Simba waliula wakisikitika. Tulisema, ama kweli Wamarekani wanatupenda. Miaka mingi baadaye nikaja kusikia kwamba wakulima wa kwao walikuwa wamevuna hadi bei inaanguka, wakawalilia wakubwa wao wayanunue mahindi yale, na wakulima wale wana kura. Hata hizi dawa, Anna mwenyewe aliwahi kunieleza akiwa ameketi jikoni kwangu: watu wa makanisa ya kwao waliwabana viongozi wao miaka hiyo, na viongozi wakasikia kwa sababu makanisa yanajaza watu. Sasa je, unga ulikuwa wa uongo? Tulishiba. Dawa zilikuwa za uongo? Mama zetu wangapi wako hai? Shukuru kwa shibe, lakini usiiite mapenzi. Na ikikatika, usiiite chuki.

Usidhani ni wao tu, mwanangu. Hata hapa kwetu, ukisikia mtu amesimama kwenye mkutano anawasema madereva wa malori wa kutoka Kongo na Burundi wanaopita na mizigo Isaka, tazama kwanza uchaguzi uko karibu kiasi gani.

Kabula akauliza, kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipovunja ungo, "Kwa hiyo Bibi, hawatupendi na wala hawatuchukii?"

"Nchi haijui kupenda," nikamwambia. "Watu ndio wanaojua. Na mmoja wao anakupigia simu kila jioni."

Jioni ile simu ilipoita, akapokea. Akaiweka kwa sauti ili nami nisikie. Anna akaanza na shikamoo yangu kwanza, kwa Kiswahili chake cha kupinda, nami nikaitikia marahaba. Halafu tukasikia kwamba analia. Akasema naye kazi yake imekwisha, siku ileile moja na ya Kabula. Nyumba ya kupanga imemshinda, amehamia kwa kaka yake. Na huyo kaka, aliyempa chumba na kumpikia, ndiye aliyepiga kura ya kuwachagua waliosimamisha misaada. "Anasema hakujua kama ni mimi," Anna akasema. "Alidhani ni watu wengine."

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi tulikaa Nyahanga tukidhani wao wote wanakula meza moja wakitucheka, kumbe kuna nyumba kule kaka na dada wanapitishiana sahani bila kutazamana. Kabula akaishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandalia maneno makali, nayajua, alikuwa akiyafanyia mazoezi bafuni. Hakusema hata moja. Alisema, "Pole, dada. Pole sana." Wakalia wote wawili, na mimi nikalia kwa ajili yao.

Kabula sasa anauza mchele sokoni. Mchana ukipoa huwazungukia wanawake wake kwa miguu, bila kitambulisho, na kuwasindikiza hospitali ya serikali wale wanaoona aibu kwenda peke yao. Kuna siku anarudi amechoka, anasema heri mradi ungekuwepo. Simbishii. Ungekuwepo ingekuwa heri.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Ukisikia mkubwa wa nchi ya mbali anakutaja, kwa sifa au kwa matusi, usikimbilie kufurahi au kuchukia. Uliza kwanza ni nani nyumbani kwake anayemtaka amsikie, na ni nani anayemtikisia kiti. Ukishajua hilo hutashangaa akigeuka, na hutamwita rafiki siku ya kupewa wala shetani siku ya kunyimwa. Akitoa, pokea kwa mikono miwili na useme asante, lakini shamba lako lima, kwa maana mtegemea cha ndugu hufa maskini, na huyu hata ndugu si ndugu. Na jambo lililo zito kuliko yote hayo: usimhukumu mtu kwa kura ya taifa lake. Nilibakiza kidogo tu nimkose mume wangu kwa kosa hilo, na Kabula nusura amkose dada.

Nenda salama. Mungu akupe akili ya kuyasikia yote bila moyo wako kuwa mchungu. Akupe ghala lako mwenyewe, hata likiwa dogo. Na akupe marafiki, huku na ng'ambo, ambao hakuna kura inayoweza kukunyang'anya. Amina.