Dirisha Lililochelewa Kufunguka

Shadya hajui kusubiri. Akikuta foleni benki anageuza. Chai anainywa ikiwa bado inachoma. Kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta kwa maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, na kilichomkera kuliko vyote kilikuwa ndani ya kihariri, ile programu anayoandikia. Kila alipofungua humo dirisha dogo la kuipa kompyuta amri, lilibaki tupu, kimya, mpaka wazo lililomleta limeshamtoka.

"Nitalitengeneza tu," alikuwa akimwambia Heriel, mwenzake wa kazi. Hakulitengeneza.

Alhamisi moja dada yake, Amira, aliingizwa chumba cha upasuaji kwenye hospitali moja ya Upanga. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mama yao alikaa kwenye benchi na tasbihi yake. Shadya alizunguka korido mpaka mlinzi akaanza kumtazama.

"Kaa chini, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

"Siwezi, mama. Nikikaa nawaza."

"Basi shika hiyo kazi yako, ila ukae."

Akafungua laptopu, akafungua dirisha lile, likaganda. Safari hii hakuvumilia. Aliingia kwenye faili ambalo dirisha hulisoma kabla ya kuamka, akakuta mrundo wa vikorombwezo, vijiprogramu vya nyongeza alivyowahi kuviweka akavisahau. Vingine akavifuta, vingine akavipanga viitwe pale tu vitakapohitajika. Afadhali, lakini bado. Akawa anazima mstari mmoja mmoja, jicho likirudi mlangoni kila mara.

Akamkuta mchawi: mstari mmoja wa zamani. Kila lilipofunguliwa, dirisha lilikuwa likiibishia hodi kompyuta ya ofisi yao ya zamani kule bonde la Jangwani, na kungoja iitike. Kompyuta hiyo ilishakufa kwenye mafuriko ya masika.

Akaufuta ule mstari. Dirisha likafunguka papo hapo.

"Mama! Limefunguka!"

Mama akaruka, tasbihi ikaanguka. "Wametoka?"

"Hapana... la kwenye kompyuta."

"Shadya! Utaniua wewe!"

Wakatazamana, kicheko kikawatoka, kile cha watu wenye hofu, huku wameshikana mikono kwa nguvu. Walikuwa bado wameshikana muuguzi alipotokeza.

"Ndugu wa Amira? Ni wa kike. Wote wazima."

Shadya akamwandikia Heriel ujumbe wenye habari zote mbili, ya dirisha na ya mtoto. Heriel akapiga simu kumpongeza, ila alichosikia ni kilio tu, na mama mtu akisema kando, "Mwache, baba. Leo na alie."