Muziki wa Matangazo ya Vifo

Kwa miezi minane nilimhudumia mzee mmoja wa Kizungu huko Takoma Park, kando ya Washington, mgane mwenye kidonda cha mguu na mdomo usiochoka. Nilitoka Falls Church asubuhi nikiwalaani madereva wote wa barabara kuu ya Beltway, nikifika namwogesha, namnyoa, namchemshia yai. Nilimzoesha kuitwa mzee, naye akaniita mama, ingawa alinizidi miaka ishirini na ushee.

Siku moja, huku natandika kitanda chake, nilikuwa naimba puani muziki fulani usio na maneno, vinanda vitupu. Utotoni mwangu redio ya kwetu iliupiga kila mchana kabla ya matangazo ya vifo. Mama yangu akiusikia tu, sote tulinyamaza.

Mzee akaacha kutafuna. "Huo ni wangu," akasema.

Nikacheka, nikamweleza ulikotoka. Hakukubali. Walikuwa wanne, akasema, huko Ulaya, wakipiga disko la anga za juu, wamevaa nguo za kumetameta na kofia za wanaanga zilizofunika uso mzima. Walionekana kwenye televisheni nchi baada ya nchi. Walipogombana na tajiri wao, yule bwana akawavisha vijana wengine kofia zilezile, na watazamaji wala hawakugundua. Mzee mwenyewe akamfuata mkewe Washington, akafundisha watoto piano. Kinanda chake cha zamani kilikuwa bado sebuleni, na kila baada ya chai alikipiga kidogo.

Kusema kweli nilikasirika. Hawa watu, nikajisemea, hata muziki wa misiba yetu wanautaka! Ameusikia kwangu, sasa anajimilikisha. Nikampigia simu msimamizi wangu, nesi wa Kikenya.

"Ati yeye ndiye alitunga? Hiyo ni confusion, my dear," akasema. "Andika kwa chart. Usipoandika, kesho akianguka watakublame."

Nikaandika kwenye faili lake: amechanganyikiwa, anadai kutunga muziki aliousikia kwa mhudumu. Na sikuishia hapo. Kila aliporudia habari za kofia, niliongeza mstari mwingine, na nakiri kwamba niliongeza kwa hasira zaidi kuliko kwa wajibu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu siku zote hizo, na sikuitoa nikatafuta ukweli.

Binti yake, aliyeishi mbali, aliyasoma maandishi yangu pamoja na daktari. Wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, ambako milango hufunguliwa kwa namba. Kinanda hakikuruhusiwa.

Wiki chache baadaye, nikila chakula cha mchana ndani ya gari, nilipatwa na hamu ya kwetu, nikauimba ule muziki kwenye simu ili initafutie. Ikaniletea video ya zamani: watu wanne jukwaani, kofia kubwa, nyuso hazionekani. Kisha kamera ikashuka kwenye mikono ya mpiga kinanda. Kidole chake cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimepinda kwenda nje. Kucha ya kidole kile nimeikata mimi, kila wiki, kwa miezi minane. Nililia humo garini mpaka nikashindwa kurudi kazini.

Jumapili nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, amevaa sweta la mtu mwingine, hana wa kuzungumza naye. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mzee, nimekuona kwenye video. Ule muziki ni wako. Mimi ndiye niliyekosea, na nitawaambia wote."

Akanishika mkono kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Hapana, mama. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuwahi kutunga kitu."

Kisha akautazama mlango, akasogeza kiti karibu, akaniomba nisiyataje tena mambo hayo mbele ya wauguzi, kwa kuwa wiki ile ndiyo kwanza walikuwa wamemruhusu kukaa bustanini.