Nilivyokataa Kusamehewa Kodi ya Pikipiki ya Baba

Mmewahi kuona mtu anaambiwa kodi yake ni sufuri, halafu anakataa na kung'ang'ania kulipa dola mia nne na themanini?

Basi mtu huyo ni mimi.

Naitwa Colette, naishi St. Johnsbury, jimbo la Vermont huku Marekani. Marehemu baba alikuwa na pikipiki kubwa nyekundu. Mama akisikia mngurumo wake tu, anaanza kupakua supu ya njegere.

Baba alipofariki, kaka yangu Norm akatuambia mzee aliiuza alipokuwa anaumwa. Kwa nani? Eti hajui.

Mama akawa anaulizia ile pikipiki kuliko anavyoulizia dawa zake.

"Colette, niusikie ule mlio mara moja tu, kabla sijamfuata."

Norm anaishi ng'ambo ya mto, jimbo jirani la New Hampshire. Kule ukinunua kitu hakuna kodi ya mauzo, na wenyewe hawakuachi usahau. Kila Jumapili akija kula kwa Mama lazima atucheke.

"Nyie wa Vermont mnakamuliwa, mmetulia tu kama ng'ombe!"

Siku moja akanipigia simu.

"Mdogo wangu, nimeiona! Pikipiki ya mzee iko kwa jamaa mmoja huku, Dwight."

Nililia. Kweli kabisa, nililia.

"Anataka dola elfu nane. Nimembembeleza, kagoma. Lakini huku hakuna kodi, ujue."

Ile elfu nane ilikuwa hela ya kutengeneza paa langu linalovuja. Nikampelekea Dwight taslimu. Alizihesabu noti bila kunitazama usoni, nikadhani ana haya tu. Karatasi za mauzo akasema atampa Norm.

Siku ya kusajili, Norm akaileta pikipiki hadi ofisi ya usajili huku kwetu, na zile karatasi kwenye bahasha. Karani, dada mmoja mwenye miwani, akasoma karatasi.

"Kodi ni mia nne na themanini."

"Kodi gani?" Norm akaruka. "Imenunuliwa New Hampshire!"

"Italala wapi?"

"Kwake. Hapa."

"Basi inalipiwa hapa."

Nikafungua pochi. Norm akanishika mkono, amekuwa mwekundu hadi masikio. Ungedhani ni hela yake.

"Usiwape! Hata senti! Si kuna msamaha wa zawadi?"

"Upo," karani akasema. "Ndugu akimpa ndugu yake bure. Huyu Dwight ni ndugu yenu?"

"Hapana," nikasema.

Norm akazitazama zile hela, akatazama mlango. Uchungu wa kodi ukamshinda.

"Dwight alisimama kwa niaba yangu tu," akasema. "Mwenye pikipiki ni mimi, ilikuwa gerejini kwangu, nimeifunika turubai."

Akachomoa kadi ya pikipiki mfukoni. Jina lake hilo hapo, tangu Baba yuko hai.

"Nampa dada yangu zawadi. Haya, andika sufuri!"

Alikuwa anatabasamu, jamani. Alidhani ameniokoa!

"Norm, Baba alikuuzia?"

"Alinipa."

"Na elfu nane yangu?"

"Tutaongea nje. Saini kwanza, usiwape hawa wezi hela!"

Wezi. Muda wote ule pikipiki ya Baba iko gerejini kwake chini ya turubai, naye anakula supu ya Mama, anamsikia akiiulizia, anafuta mdomo, anaondoka. Nilitamani kumtapikia viatu.

Karani akavua miwani.

"Dada, niandike nini? Zawadi, au umenunua?"

"Nimenunua. Elfu nane. Muuzaji ni kaka yangu wa tumbo moja. Andika hivyo hivyo."

"Umechanganyikiwa?" Norm akapiga kelele. "Unatupa hela!"

Nikalipa huku nimemkazia macho. Ningesaini kwamba ni zawadi, ningekuwa nimekubali kwamba kaka yangu alinipa kitu.

Nikaendesha hadi kwa Mama. Alitoka barazani na ndala, mikono kifuani, machozi yanamtiririka.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa Norm."

"Siku zote?"

"Siku zote, Mama."

Jumapili Norm akaja, akakaa kwenye kiti chake kama kawaida. Mama akamwekea supu, kisha akanyoosha kiganja.

"Elfu nane, mwanangu. Na huku Vermont tunatoza na kodi."

Norm akacheka. Mama hakucheka. Kile kiganja kilibaki pale pale mpaka supu ikapoa na Norm akachukua koti lake.

Hajalipa, na hajarudi.

Paa langu bado linavuja. Lakini nimejifunza: mtu akishinda anakulalamikia kwamba serikali inamwibia, wewe sikiliza tu, ila chunguza gereji yake.