Saumu ya Ghafla Timbwani

Mshambuliaji wetu wa Timbwani alipotangaza kuwa ana virusi vya Ukimwi, wenzake waliingia uwanjani na fulana zilizoandikwa "Tuko Nawe". Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Wakati wa mapumziko, kopo la maji likaanzia kwake, kama siku zote. Akanywa, akampa beki.

"Wallahi nimefunga," beki akasema, mkono kifuani.

"Hata mimi," akadakia wa pili. Kopo likazunguka timu nzima, hakuna aliyelitia mdomoni. Golikipa, mwimbaji wa kwaya kanisani, naye alikuwa amefunga.

Mshambuliaji akayamaliza maji, akajifuta mdomo.

"Basi leo futari ni kwangu, inshallah. Napika mwenyewe, tutakula sinia moja."

Sijapata kuona watu waliofunga wakiiogopa magharibi namna ile.